Kode inatembea ndani ya Tomcat, inje inakataa jina la foleni

SWALI: Yaya, jambo sana. Miye niko Goma, Ndosho, nimeandika kode ya Java ya kutuma mauzo ya butiki ya Birere mpaka kwa depo kupitia ActiveMQ 5, serveri yenye kupokea ujumbe na kuupanga kwa foleni. Ndani ya Tomcat, serveri yenye kubeba programu za Java za mtandao, iko inatembea muzuri kabisa. Sasa nimeitoa nikaifanya programu ndogo ya kujisimamia yenyewe, basi ni shida tupu. Nilitoa java:comp/env mbele ya jina, nikaandika jndi.properties, ile fisie Java inasoma ili ijue namna ya kutafuta vitu kwa majina, yenye mistari miwili, ile ya factory na ile ya adresi. Kwa ordinatere yangu, nikianzisha ndani ya Eclipse, inaniambia NameNotFoundException (jina halionekani) kwa jms/mauzo, jina la foleni yangu. Kwa ordinatere ya butiki, nikianzisha na java -jar, inaniambia NoInitialContextException, na fisie ni ile ile nimeiweka pembeni ya jari, ile fisie moja yenye kubeba programu nzima! Wenzangu wanasema ni koneksio, wiki hii nimenunua mega mara tatu. Nifanye je?

JIBU: Pole sana mudogo wangu, na tafazali acha kwanza kununua mega, koneksio haina kosa hapa. Kwa ActiveMQ, ile kutafuta jina (lookup) inafanyikia ndani ya programu yako mwenyewe, kitabu cha majina kinatengenezwa kwa memori ya ordinatere yako kutokana na jndi.properties, na serveri haiulizwi kitu mpaka pale unaita createConnection na kuifungua. Hata ungechomoa kabuli ya mtandao ungepata NameNotFoundException ile ile. (Kwa WildFly, serveri ingine ya Java, ni tofauti, kule jina linaenda kutafutwa kwa serveri, ndiyo maana mashauri ya watu yanachanganyikana.)

Wewe mwenyewe unajua vile tunaishi hapa Goma. Ndani ya parsele ukisema “chumba cha yaya” kila mutu anajua ni wapi, lakini umwambie motari kule Signers akupeleke kwa chumba cha yaya, atakuangalia tu. java:comp/env ni jina la ndani ya parsele. Tomcat ndiyo inalijaza kutokana na Resource uliyoandika kwa context.xml, programu ikitoka inje haina ile Tomcat ya kuitafsiria, kwa hiyo ulifanya vizuri kuitoa. Ila uliitoa bila kuandika jina lingine mahali pake. Fisie yako inasema nani anafungua kitabu na adresi ni gani, haijasema mahali popote kama kuna foleni. Ongeza mustari wa tatu, iwe hivi:

java.naming.factory.initial=org.apache.activemq.jndi.ActiveMQInitialContextFactory
java.naming.provider.url=tcp://localhost:61616
queue.mauzo=MAUZO.BIRERE

Kisha ndani ya kode uite lookup("mauzo"), bila jms/ mbele, na uangalie herufi kubwa na ndogo juu Mauzo na mauzo ni majina mawili. Ile MAUZO.BIRERE ni jina la kweli la foleni kule kwa ActiveMQ, uandike lile Tomcat ilikuwa inatumia. ConnectionFactory yenyewe, ile yenye kutengeneza koneksio, iko tayari, lookup("ConnectionFactory") itakubali bila kuandika kitu.

Sasa ya butiki. Java inatafuta jndi.properties ndani ya klasipathi, ile orodha ya mahali inatafutia klasi na fisie zake, haitafuti pembeni ya jari. Eclipse inakuwekea ile fisie mahali pake bila kukuambia, ndiyo maana kwako inaonekana na kwa butiki haionekani. Na ukitumia java -jar, hata uandike -cp namna gani, Java inaiacha kabisa, watu wengi wanapotezea hapo siku nzima. Iingize fisie ndani ya jari, juu kabisa, isikae ndani ya foda ya src wala ya com.

Kitu kimoja nakuomba ukichunge sana. Soma maneno yenye kufuata NoInitialContextException. Ikisema “Need to specify class name”, fisie haijaonekana. Ikisema “Cannot instantiate class”, fisie imeonekana lakini ile klasi imekosekana, ao jari ya ActiveMQ haimo, ao kuna nafasi tupu mwisho wa mustari. Hii ya nafasi tupu ilinikula usiku mbili, nilikopi mustari na nafasi moja nyuma yake, Java haiikati, inaihesabu kuwa sehemu ya jina, na kwa macho huoni kitu. Niliiona tu siku nilipeleka kaleti, kale kamustari kenye kuonyesha pale unaandika, mpaka mwisho wa mustari ikasimama hatua moja mbele ya y.

Ukimaliza hayo na ukaona “Connection refused”, ujue shida ya majina imeisha, sasa ni mtandao kweli. localhost kwa ordinatere ya butiki ni butiki yenyewe, andika IP ya ordinatere yenye ActiveMQ kule depo, na porti ibaki 61616, ile 8161 ni ya ukurasa wa kuchungulia foleni tu.