Gari la Zamani Likigoma Kuwaka, Tega Sikio Kwanza

Nianze kwa kukiri kosa langu. Gari langu lilipoanza kugoma asubuhi, nilikimbilia kununua betri mpya. Likawaka siku tatu, likagoma tena. Nikaishusha stata (mota inayozungusha injini wakati wa kuwasha), ikafunguliwa, ikatiwa kaboni mpya, vile vipande vinavyopitisha umeme ndani yake. Likawaka wiki moja. Safari ya tatu nikageuza ufunguo, nikasikia "tk!" moja kavu, kisha kimya, na hapo ndipo nilipoanza kufikiria kuliuza kama chuma chakavu. Kumbe ubovu ulikuwa kwenye waya ambao muda wote huo hakuna aliyeukagua. Nitaufikia.

Kinachotupoteza wengi ni hilo neno "haliwaki". Ndani yake mna magonjwa mawili. Kuna injini isiyozunguka kabisa, na kuna injini inayozunguka vizuri lakini haishiki. La kwanza ulitafute kwenye betri, nyaya na stata. La pili lina mambo ya mafuta na moto wa plagi. Ukibadilisha plagi wakati injini haizunguki, unapaka dawa mguuni na jino ndilo linalouma.

Tuanze na isiyozunguka. Washa taa kubwa, simama ubavuni mwa gari mahali unapoziona, mwenzio apige stata gia ikiwa huru na breki ya mkono imevutwa. Taa zikizimika ghafla, anza na vichwa vya betri: vishike uvitikise, na kama vina ule unga mweupe au wa kijani, visafishe. Zikififia sana, betri imechoka, au stata imekwama na inavuta umeme kupita kiasi. Zikibaki zinang'aa kana kwamba hakuna kilichotokea, basi stata haivuti umeme wa maana, na hapo mlio ndio unaoamua. Kimya kabisa, kagua fyuzi, relei (swichi inayoendeshwa na umeme) na swichi ya ufunguo. Kwa gari la otomatiki jaribu kwanza kuwasha ukiwa N (gia huru) badala ya P (ya kuegesha). Usinicheke, swichi ya gia ikichakaa, hilo tu hutosha kukuondoa njiani. Ikilia "tk" moja, mara nyingi solenoidi (swichi ya sumaku ya stata) inasukuma lakini umeme mkubwa hauvuki. "Tktktktk" ya haraka, ambayo kwa kawaida huja na taa zinazofifia, ni betri iliyoisha au kichwa kilicholegea. Stata ikivuma peke yake huku injini imetulia, bendiksi (gia ndogo ya stata) haishiki meno ya flaiwili (gurudumu zito la injini).

Kama una mita ya kupimia umeme, hata ile ya bei rahisi, itumie. Betri iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.0 imekaribia kuisha. Ila usiiamini betri iliyopumzika. Betri nzee inaweza kukuonyesha 12.6 kwa ujasiri wote, halafu ukipiga stata inaporomoka hadi 7. Ikishuka chini ya 9.6 hivi wakati stata inazunguka, ichaji vizuri upime tena kabla hujaitupa. Injini ikiwaka, tarajia kati ya 13.8 na 14.5, maana yake alternata (jenereta ya gari) inachaji betri.

Sasa ule waya wangu. Ni waya wa ethi, unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye chuma cha injini. Kila mtu hukagua chanya kwa sababu ina rangi nyekundu na kifuniko. Hasi haina anayeijali. Aliyenifungua macho alikuwa fundi mzee ambaye hata hakushika spana. Aliniambia nipige stata mara mbili, kisha akaigusa kebo ya pedeli ya mafuta pale inapoingia kwenye injini. Ilikuwa ya moto! Umeme wa stata ni mwingi mno, ukikosa njia yake halali unapenya popote penye chuma, hata kwenye kauzi kembamba kama kale. Tukaweka ncha moja ya mita juu ya nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, tukapiga stata. Inatakiwa isizidi volti 0.2 hivi. Yetu ilipita 3. Bolti ilipofunguliwa, chini ya washa yake (kile kipete cha chuma) palikuwa na kutu nene kama ukoko. Msasa, bolti ikakazwa, nusu saa kazi imekwisha. Na zile siku tatu za betri mpya? Kila tulipochokonoa pale, waya ulitikisika ukashika kidogo.

Kwa injini inayozunguka isishike, siku hizi naenda haraka. Gari la injekta (linalopuliza mafuta kwa umeme), fungua ufunguo bila kupiga stata: kwa mengi utasikia pampu ikivuma kama sekunde mbili upande wa tangi. La kabureta (kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa), toa kifuniko cha hewa injini ikiwa imezimwa, bonyeza mkono wa mafuta, uone kama petroli inaruka ndani. Baada ya usiku wa mvua, futa kifuniko cha distribyuta (kinachogawa moto kwa plagi) ndani na nje kwa kitambaa kikavu. Ukinusa petroli nyingi, injini imelowa: kanyaga pedeli hadi mwisho, upige stata isizidi sekunde kumi, kisha uiache stata ipoe. Lakini injini ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kwa mlio laini usio na mapigo, acha mara moja. Huenda taimingi belti (mkanda unaofanya valvu zifunguke kwa wakati wake) imekatika, na kwa baadhi ya injini kila ukijaribu tena unapinda valvu.

Dizeli haina plagi za moto. Angalia hita plagi (zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha) na hewa iliyoingia kwenye mafuta.

Ethi ilipopona, gari langu likaleta kisirani kingine: asubuhi linawaka, nikilizima likiwa na moto haliwaki mpaka dakika ishirini zipite. Nilishuku sensa ya krenkishafti (inayoiarifu kompyuta ya gari kuwa injini inazunguka), ambayo huweza kufa ikipata joto na kufufuka ikipoa. Siku moja lilipogoma nikaimwagia sensa hiyo maji ya chupa niliyokuwa nakunywa, polepole, hadi ikapoa. Nikapiga stata, likashika mara moja. Sensa mpya niliifunga wiki hiyohiyo.