Programu zimegombana au zimegongana?

Swali: Shikamoo mwalimu. Natengeneza kompyuta hapa Ngamiani, Tanga. Mfumo ukikataa kusakinisha programu kwa sababu ya nyingine iliyokwisha kuwemo, mimi humwambia mteja "programu zimegombana". Mwenzangu anasema wagombanao ni watu. Anataka niseme "kuna mgogoro wa vifurushi", kifurushi kikiwa ni programu iliyofungashwa tayari kwa kusakinishwa. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba. "Mgogoro" silipendi hapa. Ni neno la watu wanaodaiana haki, kwenye ardhi au kazini. Neno la jumla tunalo tayari: kugongana. Ratiba hugongana, na serikalini husemwa "mgongano wa maslahi". Basi "programu hizi zinagongana" ni Kiswahili safi.

Lakini neno lako usilitupe. Lirefushe kidogo upate kugombania, nalo litasema jambo ambalo kugongana halilisemi. Katika Debian, mfumo wa uendeshaji wa kompyuta, vifurushi viwili vikileta faili lenye jina lilelile mahali palepale, dpkg, chombo chake cha kusakinisha, hukataa kuandika la pili juu ya la kwanza, isipokuwa kifurushi kinachoingia kimetangaza kuwa kinachukua nafasi ya kile cha awali. Hapo sema "vinagombania faili moja". Kinachogombaniwa kimetajwa, na fundi anajua aanzie wapi kutafuta. Napenda sana kitenzi cha Kiswahili kinapofanya kazi hivi, kwa silabi moja tu.

Postfix na Exim ni habari nyingine. Zote husafirisha barua pepe, na waliozifungasha kwa ajili ya Debian wameandika mapema kwamba zisiwemo pamoja. Ukisakinisha moja, apt, chombo cha Debian cha kuleta na kusakinisha programu, hutaka kuiondoa nyingine. Hizo haziivi chungu kimoja; kwenye maandishi rasmi, "haziruhusiwi kuwemo pamoja".

Na pale programu mbili zinapohitaji matoleo tofauti ya maktaba moja (msimbo unaotumiwa na programu nyingi kwa pamoja), sema hivyohivyo: "zinategemea matoleo tofauti". Zenyewe hazina ugomvi, tatizo liko kwenye maktaba.

Nina neno pia juu ya "kifurushi" cha mwenzako. Mafundi kwa mafundi, ni neno zuri. Kwa mteja wa Ngamiani, hata wa Makorora, kifurushi ni bando la simu. Ukimwambia vifurushi vimegongana atadhani intaneti yake ndiyo yenye kasoro. Mbele yake taja programu kwa majina yake, kisha mwambie ipi itaondolewa.