Tabasamu Zuri kwa Macho ya Nani?

Safari hii wengi mmeuliza kuhusu sura ya meno kuliko maumivu yake. Nimechagua maswali manne.

Fundi cherehani, Kisenyi, Kampala: *Daktari, nilikwenda kung'oa gego, nikaambiwa mstari wa katikati ya meno yangu ya juu umehama milimita mbili, kwa hiyo nifungwe nyaya. Mume wangu anasema haoni kitu. Nimwamini nani?*

Wote wawili, dada yangu. Sisi wa meno tumefundishwa kuutafuta mstari huo, tena tunakutazama umelala chali chini ya taa, mdomo wazi. Nani mwingine anakutazama hivyo? Mwaka 1999 watafiti wa Seattle, Marekani, walichapisha utafiti ambao picha za matabasamu zilibadilishwa kidogo kidogo kwa kompyuta, kisha zikapewa wataalamu wa kupanga meno, madaktari wa meno wa kawaida na watu wasio na taaluma hiyo. Mstari ulipohama milimita nne ndipo wataalamu wa kupanga meno walipopunguza alama. Makundi mengine mawili hayakuona tofauti hata hapo! Ila meno ya mbele yalipoinama upande kwa milimita mbili, makundi yote matatu yaligundua.

Mrudie huyo daktari umwulize jambo moja: nikifunga mdomo, meno yangu ya juu na ya chini yanakutana sawasawa? Kama hayakutani, nyaya zina kazi ya kufanya. Kama ni mstari tu, mimi ningenunua cherehani ya pili.

Mwanafunzi, Jinja: *Nina mwanya na siupendi. Rafiki yangu alifunga meno yake kwa mpira mdogo ukayabana. Nami nijaribu?*

Usithubutu. Jino ni nene kwenye kichwa na jembamba kwenye mzizi, kwa hiyo mpira huo huteleza juu, huzama ndani ya ufizi usiuone tena, na huendelea kukata nyama na mfupa unaoshika jino. Wapo waliopoteza meno mawili ya mbele, mazima kabisa, kwa njia hiyo.

Na huo mwanya una ubaya gani? Huku kwetu kuna wanaokwenda kuchongwa ili waupate, nao nawakanya vilevile, maana gamba gumu la jino likishakwanguliwa halioti tena. Watafiti walipoendeleza kazi ile ya Seattle, mwaka 2006, mwanya mdogo haukuonekana mbaya kwa kundi lolote, madaktari wakiwemo. Kama bado unakukera, uzibwe kliniki.

Boda boda, Arua: *Nilipokuwa mchanga waliniondoa "meno ya plastiki". Sasa chonge moja ya chini haikuota, nyingine imeota kombo. Wasichana wanaona?*

Pole, kaka. Ule uvimbe mweupe kwenye fizi za mtoto mwenye homa au kuhara, ambao watu huuita "meno ya plastiki" na kuulaumu kwa ugonjwa, ni chonge ya utotoni inayojiandaa kuota. Anayeichimbua kwa kisu au spoku ya baiskeli hugusa pia mbegu ya chonge ya ukubwani iliyo chini yake. Huenda ndiyo sababu yako haikuota. Mama yeyote anayesoma hapa: mtoto apelekwe kituo cha afya atibiwe homa yenyewe.

Kuhusu wasichana: kijana akicheka huonyesha zaidi meno ya juu. Ya chini hujitokeza umri unapokwenda, mdomo wa juu ukilegea. Kwa hiyo kwa sasa hawaoni sana. Nenda hata hivyo upigwe picha ya eksirei, ijulikane kama chonge hiyo haipo kabisa au imelala ndani ya mfupa.

Mwalimu, Kisoro: *Meno yangu yana madoa ya kahawia tangu utotoni. Nimesugua kwa mkaa na ndimu bila mafanikio.*

Acha ndimu leo, inayeyusha jino. Kama ulikulia huko, shuku floridi nyingi katika maji yanayotoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Doa liliingia jino likijengwa, kabla hujafika miaka minane hivi, kwa hiyo mswaki haulifikii. Daktari anaweza kukwangua tabaka jembamba la juu, au kufunika jino kwa resini, yaani ute unaogandishwa ukawa mgumu, wenye rangi ya jino. Anza na la kwanza, ni nafuu na jino halipotezi mengi. Na kabla ya kulipa, hakikisha amesajiliwa.