Samaki wadogo wa Hombolo: anza na mapezi, rangi baadaye

Ndugu, umeuliza utatofautishaje samaki wadogo wa bwawa la Hombolo, huko Dodoma, ambao wote wanaitwa dagaa. Rangi itakudanganya. Kwenye maji ya tope samaki hupauka, na akifa madoa hubadilika. Mtie akiwa hai kwenye chupa pana ya kioo yenye maji safi ya bwawani, mtazame ubavuni.

Pezi la mgongoni likiwa moja refu, nusu ya mbele miiba mitupu, huyo ni mtoto wa perege. Wengi wana doa jeusi kwenye sehemu ya nyuma ya pezi hilo. Kwa sato, aina mojawapo ya perege, doa hufifia akikua, kwa hiyo lisipokuwepo usimkatae.

Pezi likiwa fupi, tafuta sharubu pembeni mwa mdomo. Jozi mbili fupi, magamba yanayong'aa: mara nyingi ni Enteromius, jenasi ya samaki wadogo wa mito na maziwa ya Afrika. Hapo chukua lensi ukague mwiba wa mbele wa pezi la mgongoni, maana baadhi ya spishi zina meno kama ya msumeno upande wa nyuma na nyingine hazina. Telezesha kucha taratibu upande huo, yakiwepo utayasikia. Pezi likiwa refu lakini bila miiba, sharubu jozi nne, ngozi bila magamba, ni kambale.

Piga picha pamoja na rula, kisha mrudishe majini haraka.