Ukishusha Noti, Mdundo Nao Unashuka

Ujumbe umeingia wiki hii kutoka kwa kijana wa Buzuruga, Mwanza: "Kaka shikamoo. Nimerekodi honi ya kivuko pale Kamanga, nikaiweka nusu kasi kwenye lupa, ikatoka nzito mpaka raha. Nikafanya hivyohivyo na sauti yangu, nikawa kama mtu anaongea ndani ya pipa. Mashine mbovu?"

Marahaba. Lupa yako, hiyo mashine inayorekodi kipande cha sauti na kukirudiarudia, ni nzima. Umerekodi kwanza ukaamua noti baadaye, na hilo ndilo kosa la karibu kila anayeniandikia kuhusu jambo hili. (Humu nikisema kushusha au kupandisha, nazungumzia noti, siyo volyumu.)

Lupa za mguuni zenye nusu kasi, kama Ditto X2 au 720 ya Electro-Harmonix, hazifanyi uchawi. Zinaisoma rekodi ileile kwa mwendo wa nusu, basi noti inashuka oktavi moja (noti ileile, ila nzito zaidi) na urefu unakuwa maradufu. Ung'avu nao unagawanywa kwa mbili. Rekodi inayopimwa mara 44,100 kwa sekunde inabeba sauti mpaka hezi 22,000 hivi (hezi ni mitetemo kwa sekunde). Ukiishusha oktavi, juu ya 11,000 hubaki kimya. Ile "s" yako iliyokuwa kwenye hezi 7,000 inaangukia 3,500, na mwangwi wa koo na mdomo unashuka pamoja na noti, ndiyo maana sikio linasikia kichwa kikubwa kama pipa. Honi haina maneno wala koo, kwa hiyo haikupoteza kitu.

Kwa sauti ya mtu, tumia sampula nitakayoieleza chini, shusha semitoni 2 mpaka 4 (oktavi moja ina semitoni 12), basi. Kabla ya kurekodi kata besi chini ya hezi 150, kwa sababu ukishuka oktavi ile 150 inakuwa 75 na kuziba kila kitu. Kaa shibiri moja kutoka kwenye maiki. Ukiibusu, maiki nyingi za jukwaani zinaongeza besi zenyewe. Tamka konsonanti kwa ukali kupita kawaida, hata kama chumbani unasikika kama unagombana na mtu.

Sasa geuza mambo. Bonyeza nusu kasi kabla ya kurekodi, piga gitaa, kisha rudisha kasi ya kawaida. Gitaa linapanda oktavi na kukimbia mara mbili, na nyuzi zinasikika fupi, kama za ala ndogo. Nzuri zaidi ni kwenye tabaka: rekodi kodi zako (noti kadhaa zikipigwa pamoja) kwa kasi ya kawaida, bonyeza nusu, ongeza melodia juu yake, kisha rudisha. Kodi zinarudi zilivyokuwa, melodia inaruka juu. Ufunguo haubadiliki kwa kuwa oktavi ni noti ileile. Kinachowashinda watu ni hesabu. Mapigo 4 kwa tempo ya 90 (mapigo 90 kwa dakika) ni sekunde 2.67, ukiwa nusu kasi yanachukua 5.33. Ukijaza noti nyingi humo, ukirudi unapata kelele za kuku. Piga noti nne au tano, acha nafasi.

Sampula, mashine inayorekodi vipande vya sauti (sampuli) na kukupa vitufe vya kuvipigia, yaani padi, inakuwezesha kushusha au kupandisha semitoni mojamoja badala ya oktavi nzima tu, na hapo mdundo unakufuata kila unapokwenda. Wimbo wa tempo 100 ukishushwa semitoni 3 unakuwa 84. Semitoni 5, unakuwa 75. Wazee wa sampula ya SP-1200 ya mwaka 1987, wenye sekunde 10 tu za kumbukumbu, walicheza sahani ya santuri ya mizunguko 33 kwa dakika kwa kasi ya 45, wakarekodi, kisha wakaishusha ndani ya mashine. Walibana nafasi, na wakapata ule ukwaruzo ambao leo watu wanaununua kwa pesa. Sampula ndogo ya PO-33 yenye sekunde 40 inakubali mbinu hiyohiyo, na inatumia betri mbili ndogo tu, kwa hiyo hata sokoni Mwaloni Kirumba unaenda nayo.

Ngoma ina hila yake. Ukirekodi pigo moja la ngoma ya Kisukuma, tuseme kule Bujora, likiwa na mkia wa sekunde 0.4, kwenye -5 (semitoni 5 chini) mkia unafika 0.53 na kwenye -12 unafika 0.8. Kwa tempo ya 90 kila pigo ni sekunde 0.67, maana yake ngoma ya -12 bado inanguruma wakati inayofuata imeshaingia. Punguza mwisho wa sampuli baada ya kuishusha, usipunguze kabla.

Halafu kuna +7, yaani kupandisha semitoni 7, niipendayo kuliko zote. Chukua lupu (kipande kinachojirudia) ya sekunde 4, iweke kwenye padi mbili, moja kwenye 0, nyingine kwenye +7. Ya pili inakwenda karibu mara moja na nusu, kwa hiyo unapata noti ya tano juu na mdundo wa tatu kwa mbili kwa mpigo mmoja. Lakini ni *karibu*. Semitoni 7 ni mara 1.4983, siyo 1.5. Kila sekunde 8 lupu zinapishana milisekunde 9. Baada ya dakika moja ni kama milisekunde 68, na hapo mapigo yanasikika mawilimawili kama wapigaji wawili wasioelewana. Dawa ni senti 2. Semitoni moja ina senti 100, kama shilingi. Ongeza 2 juu ya zile 700 na zinakaa sawa. Sampula isiyo na senti, ianzishe upya padi ya pili kila sekunde 8.

Angalia pia mlio wa umeme. Wetu ni hezi 50. Ukiwa umeingia kwenye sampuli na ukapandisha semitoni 1, unakuwa 53, ukikutana na 50 halisi ya spika unatetema mara 3 kwa sekunde. Rekodi kwa betri inapowezekana.

Basi kijana wangu, honi ya Kamanga usiifute. Kata kipande cha sekunde 4, padi ya kwanza -12, ya pili -5 ukiipandisha senti 2. Sauti yako irekodi upya leo usiku, ukijua kabisa itashuka semitoni ngapi.