Barua kwa mwanangu: joto hutoka wapi

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Unauliza kama uwaambie wanafunzi wako kwamba nishati ya gesi ya methani imehifadhiwa ndani ya vifungo vyake, yaani mishiko inayounganisha atomi zake, kwa kuwa kitabu chao kinasema hivyo. Nitajibu, ila kwanza jambo langu lile lile, nivumilie: hakuna kifungo kinachovunjika bure.

Chukua haidrojeni na klorini. Kuvunja vifungo vya moli moja (kipimo cha wanakemia cha kuhesabia chembe) ya haidrojeni kunakugharimu takriban kilojuli 436, na vya klorini 242. Umeshalipa 678 na hujaona hata chembe ya joto. Joto linakuja pale atomi zinaposhikana upya: moli 2 za kloridi ya haidrojeni hurudisha 431 kila moja, jumla 862. Baki ni 184, nayo tunaiandika −184 kwa sababu mmenyuko umepoteza na mazingira ndiyo yaliyopata.

Shuleni kwetu mwalimu alichanganya hidroksidi ya bariamu yenye maji ya fuwele na kloridi ya amoniamu ndani ya bikari, akaisimamisha juu ya ubao uliolowa maji. Harufu ya amonia ilitutoa machozi. Unga ukageuka tope, na alipoinua bikari ubao nao ukainuka, maji ya chini yakiwa yameganda barafu! Darasa zima likapiga kelele. Mimi nikanyoosha mkono: ikiwa mmenyuko huu unafyonza joto lote hilo, nani ameusukuma uanze? Akanijibu, "Kaa chini, hilo halimo kwenye mtihani."

Shangazi yako, niliyekaa naye dawati moja, hadi leo akitaka kuniudhi hunong'ona tu, "kaa chini". Na naudhika kweli. Swali lilikuwa la maana! Joto peke yake haliamui mmenyuko uende au usiende. Yabisi mbili zilizaa gesi na maji, chembe zikatawanyika kuliko mwanzo, entropia, yaani kipimo cha kutawanyika huko, ikapanda kiasi cha kuzidi gharama ya joto. Dakika mbili zingetosha kulieleza hilo.

Haya, kitabu chako. Methani peke yake haina joto la kukupa, lazima ikutane na oksijeni. Moli moja ikiungua kabisa hutoa takriban kilojuli 890, na sifa kubwa ni ya oksijeni, ambayo kifungo chake ni dhaifu ukikilinganisha na vile vya kaboni dioksaidi na maji vinavyoundwa. Basi kitabu kinadanganya? Hapana, kinafupisha. Methani na oksijeni kwa pamoja zina nishati zaidi kuliko mazao yake, hilo ni sahihi. Lakini mwanafunzi akishaambiwa nishati imo kwenye vifungo, kesho ataandika kwamba kuvunja kifungo hutoa joto, wakati hakuna kifungo kinachovunjika bure. Tena nikifikiri, nimewafundisha wengi walioanza na sentensi hiyo hiyo na wakaja kuelewa vizuri kabisa.

Darasa ni lako, sikuamulii. Ingawa ingekuwa mimi, ukurasa ule ninge... Basi. Baba yako amesoma juu ya bega langu, anasema nikuache ufanye kazi yako. Ukishaamua niandikie, hata kama unajua nitabisha.

Mama yako