Tahadhari ya tsunami pwani yetu inatoka wapi

Haitoki tena kituo cha tahadhari cha Hawaii, hao pamoja na Japani walishika kazi hiyo kwa muda tu baada ya tsunami ya 2004. Tangu 2011 taarifa za Bahari ya Hindi zinatoka vituo vya Australia, India na Indonesia, mfumo unaratibiwa na UNESCO, vituo hivyo vinazitumia nchi husika taarifa halafu kuwatangazia wananchi ni kazi ya nchi yenyewe, kwa Tanzania ni TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ushirikiano huu tusiuchukulie poa, 2004 mawimbi yalichukua masaa kadhaa toka Sumatra, Indonesia mpaka Somalia na bado mamia walikufa kule bila kuambiwa chochote. Ila tetemeko likitokea karibu na pwani usisubiri meseji, ardhi ikitikisika muda mrefu kimbilia mwinuko.